Jinsi ya kufuatilia uchaguzi wa Marekani ukiwa Kisumu bila kudanganywa na ramani

Kila miaka nne mambo ni yale yale. Uchaguzi wa Marekani ukifika, grupu zote za WhatsApp kutoka Kondele mpaka Nyamasaria zinajaa ramani nyekundu, mtu anatuma picha anasema "imeisha hio", mwingine anajibu "bado California, tulia", afu kuna yule mzee wa grupu ambaye lazima aulize "sasa IEBC yao inatangaza saa ngapi?" Watu wanamcheka lakini swali lake ndio pa kuanzia, manake ukishajua jibu, hayo mengine yote yanajipanga.

Jibu ni kwamba hawana. Marekani haina IEBC. Hakuna Bomas, hakuna mwenyekiti anasimama na karatasi nchi nzima ikinyamaza, na hakuna seva moja ya kusema ifunguliwe. Kuna majimbo 50 na mji wa Washington DC, na kila moja inaendesha uchaguzi wake, na sheria zake, karatasi zake, saa zake za kufunga vituo na tarehe yake ya mwisho ya kujiandikisha. Tena ndani ya jimbo kazi yenyewe kwa kawaida inafanywa na kaunti, Georgia peke yake iko na kaunti 159, Pennsylvania 67. Kuna tume ya kitaifa inaitwa FEC ambayo watu hupenda kuitaja, lakini hio kazi yake ni pesa za kampeni, kura haihesabu ata moja.

Mkubwa wa uchaguzi kwa majimbo mengi ni mtu anaitwa Katibu wa Jimbo, na mara nyingi yeye mwenyewe amechaguliwa kwa tiketi ya chama. Najua vile inasikika ukiwa Mkenya, hapa tungekuwa tayari tumeingia barabarani. Lakini ona 2021, tarehe 2 Januari, Trump alimpigia simu Brad Raffensperger, Katibu wa Jimbo la Georgia na Republican kama yeye, akamwambia anachotaka ni kupata kura 11,780, yaani moja zaidi ya zile alishindwa nazo hapo. Raffensperger akakataa, na simu ilikuwa imerekodiwa, kwa hivyo dunia nzima ilisikia. Kwa hivyo mtu akikwambia "system imeibiwa" muulize system gani kati ya hizo hamsini na moja, na kaunti gani.

Sasa kama hakuna mwenyekiti, nani anatangaza usiku ule? Waandishi wa habari. Shirika la AP limekuwa likihesabu na kutaja washindi tangu 1848, na stesheni kubwa za televisheni ziko na watu wao wa hesabu. Hio si tangazo rasmi, ni wao kusema kwamba kwa kura zilizobaki huyu mwingine hawezi tena kufikia. Matokeo rasmi yanaidhinishwa na majimbo siku na wiki baadaye wakati wewe ushasahau. Kwa hivyo sheria ya kwanza ya grupu: mgombea akijitangaza mshindi, hio ni maneno ya mgombea. Ngoja AP ama angalau stesheni mbili tatu zikubaliane.

Hesabu ya kushika ni 270

Sisi hapa rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, plas asilimia 25 kwa angalau kaunti 24. Kura ya Lodwar na kura ya Nyalenda zinaingia gunia moja. Huko haziingii gunia moja. Kila jimbo linapewa wajumbe wa kumchagua rais, idadi ni wabunge wake wa bunge la chini ukijumlisha maseneta wawili, na DC inapewa 3. Wabunge 435, maseneta 100, na hao 3, jumla 538, kwa hivyo ukifika 270 umeshinda. California ndio kubwa, 54. Texas 40, Florida 30, New York 28. Wyoming 3 tu.

Na hapa ndio pana utamu: kwa majimbo 48 na DC, mwenye kuongoza ata kwa kura moja anabeba wajumbe wote wa hapo. Aliyepata asilimia 49 anaenda nyumbani mikono mitupu. Maine na Nebraska ndio wanagawa, wajumbe wawili kwa mshindi wa jimbo na mmoja mmoja kwa kila eneo bunge, na ndio vile Obama mwaka wa 2008 alipata mjumbe mmoja pale Omaha, Nebraska, kwenye jimbo ambalo lingine lote lilikuwa jekundu, yaani la Republican.

Matokeo ya mpango kama huo unayajua. 2016 Hillary Clinton alimpita Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima na akashindwa, wajumbe 304 kwa 227. 2000 kila kitu kilibaki Florida, tofauti ilikuwa kura 537, Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya tarehe 12 Disemba na Al Gore aliyekuwa mbele kitaifa kwa zaidi ya nusu milioni akakubali yaishe. 1992 Ross Perot, tajiri aliyesimama bila chama, alipata karibu asilimia 19 ya kura zote za nchi, wajumbe aliopata ni sufuri. Hio ya Perot ndio inaeleza kwa nini huko vyama ni viwili tu mwaka baada ya mwaka, si ati watu wengine hawajaribu, ni kwamba ukiwa wa tatu unachoma pesa bure.

Kwa hivyo usiku huo ile namba kubwa ya jumla ya kura nchi nzima iangalie kwa raha zako tu, usiitumie kubishana na mtu.

Ati ikiwa 269 kwa 269? Bunge la chini linachagua rais, lakini kila jimbo linapiga kura moja tu, Wyoming sawa na California, na unahitaji 26. Haijatokea siku hizi na usipoteze usingizi juu yake.

Chagua majimbo saba, mengine achana nayo

California itakuwa bluu. Alabama itakuwa nyekundu. Ukiona mtu anashangilia Alabama jua huyo ni mgeni. (Nyekundu ni Republican, bluu ni Democrat, na rangi zenyewe zilishika hivyo kuanzia 2000, zamani kila stesheni ilikuwa inapaka inavyotaka.) Uchaguzi wa 2020 na wa 2024 uliamuliwa na majimbo yanayoyumba, yaani yanaweza kwenda upande wowote, na haya ndio ya kuandika kwa karatasi na kubandika ukutani: Pennsylvania 19, North Carolina 16, Georgia 16, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10, Nevada 6. Biden 2020 alibeba sita kati ya hizo, akakosa North Carolina, akamaliza na 306. Trump 2024 alibeba zote saba, akamaliza na 312. Idadi hizo za wajumbe zinabaki hivyo mpaka uchaguzi wa 2028, baada ya hapo sensa ya 2030 itabadilisha.

Zile ramani kubwa nyekundu ambazo watu hutuma ni za ardhi. Montana ni kubwa kupita nchi nyingi lakini wajumbe ni 4. Ng'ombe hawapigi kura.

Usiku wenyewe, kwa saa zetu

Siku ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, sheria ya tangu 1845. Ya rais inayokuja ni tarehe 7 Novemba 2028, na katikati hapo kuna ile ya wabunge wote 435 na thuluthi ya maseneta, tarehe 3 Novemba 2026. Kufikia wakati huo saa zao zimesharudishwa nyuma, kwa hivyo New York na sisi tunapishana masaa nane. Chukua saa yao, ongeza nane, basi.

Saa nane usiku vituo vya kwanza vinafungwa, sehemu za Indiana na Kentucky. Lala. Hakuna kitu hapo.

Saa tisa usiku, Georgia. Kama unataka kuamka, amka hapa, weka maji ya chai. Saa tisa na nusu, North Carolina na Ohio. Saa kumi alfajiri Pennsylvania yote na Florida yote zimefunga, na Florida huwa inahesabu haraka sana kwa sababu sheria yao inawaruhusu kushughulikia kura za posta mapema, kwa hivyo by saa kumi na moja ushajua habari yake. Saa kumi na moja alfajiri Michigan imemaliza, Wisconsin na Arizona zimefunga. Saa kumi na mbili asubuhi Nevada. Saa moja asubuhi California na majimbo ya pwani ya magharibi. Alaska inamalizia saa tatu asubuhi wakati wewe uko kazini unajifanya unaangalia imeili.

2008 ndio ilikuwa rahisi kwetu, saa moja kamili asubuhi ya Jumatano tarehe 5 Novemba, California ilipofunga tu, stesheni zote zikataja Obama kwa mpigo, na Kogelo ikalipuka, Kibaki akatoa sikukuu kesho yake Alhamisi. Watu walidhani ndio kawaida. Si kawaida. 2020 kura zilipigwa Jumanne, AP ikataja Biden Jumamosi, huku kwetu ilikuwa saa moja na nusu hivi za jioni. 2024 ilikuwa Jumatano saa saba na nusu mchana watu wako kwa lanchi. Kwa hivyo panga simu yako na bando zako kwa siku tano, ikiisha mapema ni bonasi.

Sasa sikiza hii ya Pennsylvania 2020 manake ndio ilivuruga vichwa vya watu wengi. Jumatano asubuhi Trump alikuwa mbele kwa karibu kura 700,000. Watu wakafunga mjadala. Kufikia mwisho Biden alishinda jimbo hilo kwa karibu 80,000. Uchawi? Hapana. Sheria ya Pennsylvania inakataza kufungua bahasha za posta mpaka saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi yenyewe, na mwaka huo wa korona kura za posta zilikuwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na waliopiga kwa posta wengi walikuwa Democrat kwa sababu Trump alikuwa ameambia wake wasiamini posta. Kwa hivyo kura za vituoni zikatangulia, za posta zikafuata pole pole, na Philadelphia ni mji mkubwa, haukimbii. Ni vile tu uone Kericho na Bomet zimeingia zote, Siaya na Homa Bay bado, afu uanze kulia ama kusherehekea.

Kwa hivyo kila ukiona asilimia, uliza maswali mawili kabla ya kufoward. Imehesabiwa kiasi gani? Na zilizobaki ziko wapi? Georgia kama Fulton na DeKalb bado, hio ni Atlanta na majirani zake, ngoja. Wisconsin kama Milwaukee haijaleta zile za posta, ngoja, huwa inazileta kwa mpigo usiku wa manane na kila mara kuna mtu anapiga kelele ati zimetoka wapi. Michigan ngoja Wayne, ndio Detroit. Arizona nusu ya watu na zaidi wako kaunti moja, Maricopa, ukiona Maricopa umeona Arizona. Nevada ni Clark, yaani Las Vegas.

Na kitu wachache wanajua, unaweza kwenda mwenyewe kwa websaiti ya kaunti ama ya Katibu wa Jimbo, wanaweka namba hapo wazi kabisa kila zinapoingia. Sisi tulizoea hio raha 2022 wakati fomu 34A ziliwekwa kwa potali kila mtu akawa na kituo chake cha kujumlishia sebuleni. Huko haziko fomu za picha kwa kawaida, ni jedwali tu, lakini ni za mwenye mali si za mtu wa grupu.

Baada ya hapo mambo ni polepole: kesi zinaenda mahakama za kila jimbo, si moja ya siku 14 kama yetu, 2020 zilipelekwa zaidi ya 60, wajumbe wanakutana Disemba kila mmoja kwa jimbo lake, tarehe 6 Januari bunge linahesabu vyeti vyao, na hio ndio siku mwaka wa 2021 watu walivamia jengo, tarehe 20 Januari saa sita mchana mtu anaapishwa.

Vyama, haraka haraka

Usitafute huko chama cha kuundwa Machi kikashinda Agosti. Democrat wako tangu 1828, Republican tangu 1854, na chama hakina mwenye chama wa kukupa tiketi mkononi. Tiketi inatoka kwa mchujo, na mchujo unaendeshwa mara nyingi na serikali ya jimbo kama uchaguzi wa kawaida. Majimbo mengi ukijiandikisha kupiga kura unaandika hapo hapo wewe ni chama gani, na kwa majimbo mengine kama hujaandika huruhusiwi kwa mchujo wao, na mengine kama Texas hakuna kuandika chama, unafika unachagua mchujo wa upande gani siku hio. Mchujo wa rais unaanza kama Januari au Februari mpaka Juni, jimbo moja moja, na ndio maana wengi hawakumpa Obama nafasi mpaka aliposhinda Iowa tarehe 3 Januari 2008.

Karatasi yao ni ndefu, wacha mchezo. Sisi ni karatasi sita, rais mpaka MCA. Wao karatasi moja inaweza kuwa na rais, seneta, mbunge, gavana, jaji, sherifu, bodi ya shule, ata swali la kodi. Na ile siksi pisi ambayo hapa Nyanza tunaambiwa kwa mikutano kila miaka tano, Michigan wameiweka kwa karatasi rasmi, unatia alama moja juu na umepigia chama chote. Kama kuna mtu ananiuliza, sipendi, hapa ama huko, diwani mbaya anabebwa na jina la mkubwa wake. Lakini ni halali.

Mipaka ya maeneo bunge ndio vita yenyewe ya vyama. Hapa inachora IEBC. Huko kwa majimbo mengi wanaochora ni wabunge wa jimbo wenyewe, kwa hivyo walioshinda wanachagua wapiga kura wao, na mchezo huo ni wa zamani, Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alisaini mpaka wa aina hio 1812. Kawaida wanachora kila miaka kumi baada ya sensa lakini 2025 Texas ilichora katikati ya safari kusaidia Republican, California nayo ikajibu, wananchi wake wakapitisha Novemba mipaka ya kusaidia Democrat. Ukifuatilia viti vya wabunge angalia kwanza ramani ni ya mwaka gani.

Kampeni na pesa

Hutaona lori la mziki na leso. Pesa inaenda kwa matangazo, na kwa vijana wa kubisha milango na kupiga simu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010, kesi ya Citizens United, makampuni na matajiri wanaweza kutumia pesa bila kikomo mradi hawapangi moja kwa moja na mgombea, ndio zile kamati wanaita supa PAC. Kulipa mtu ndio apige kura ni kosa la jinai, ata mia mbili ya soda.

Cha kukuhusu wewe: mgeni haruhusiwi kuchangia mgombea wa Marekani, ata dola moja. Kwa hivyo ukitumiwa linki ama namba ya M-Pesa ya "kusapoti kampeni" jua hio ni kuibiwa, na iko sana msimu ukifika. Block, songa.

Haki ya kupiga kura, na kwa nini kila siku iko kortini

Kwa karatasi watu weusi wanaume walipewa haki 1870, wanawake 1920, miaka 18 ikawa 1971. Kwa ukweli kusini mweusi alikuwa anawekewa kodi ya kupiga kura, mtihani wa kusoma, na vitisho, mpaka miaka ya sitini. Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji walipigwa na polisi darajani Selma, Alabama, John Lewis akiwa mbele akavunjwa fuvu la kichwa, picha zikaonekana kwa televisheni usiku huo, na Agosti 6 mwaka huo Rais Johnson akasaini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Hio sheria ilikuwa na meno: majimbo yenye historia mbaya hayangeweza kubadilisha kanuni za uchaguzi bila kuomba ruhusa Washington kwanza. 2013 kwa kesi ya Shelby County, Mahakama ya Juu ikafuta ile fomula ya kuamua ni majimbo gani, meno yakang'oka, na tangu hapo ukisikia jimbo limebadilisha sheria na watu wameenda kortini, mzizi mara nyingi ni huo.

Na zinatofautiana kweli kweli. Sisi ni kitambulisho na kidole kwa mashine, nchi nzima. Texas leseni ya kubeba bunduki inakubalika kituoni, kitambulisho cha chuo hakikubaliki. North Dakota hakuna kujiandikisha kabisa, unaenda tu na kitambulisho. Wisconsin unajiandikisha siku hio hio. Oregon wanapigia kwa posta, karatasi inakuja nyumbani. Georgia 2021 walipitisha sheria ya kuzuia watu kugawia maji na chakula wale walio kwa foleni. Maine na Vermont mfungwa anapiga kura akiwa jela, majimbo mengine ukitoka bado unangoja miaka. Halafu watu wa Puerto Rico ni raia kamili na rais hawampigii. Kwa hivyo ukisoma "sheria ya Marekani inasema mpiga kura lazima…" simama hapo uulize jimbo.

Kama uko na ndugu huko, soma hii polepole

Hii ndio sehemu ningetaka uchukue skrinshoti utume. Familia nyingi za huku Vihiga, Kakamega, Siaya, Nakuru ziko na mtoto ama binamu Minnesota, Texas, Massachusetts. Mwenye grini kadi HAPIGI kura ya rais wala ya mbunge wala ya seneta. Ata awe amekaa miaka ishirini, analipa kodi, ana nyumba. Kuna miji michache kama Takoma Park, Maryland inaruhusu wasio raia kwa uchaguzi wa mji pekee, lakini hio isikuchanganye.

Shida huwa haianzi kituoni, inaanza kwa ofisi ya leseni za gari. Sheria ya 1993 ilisema ukienda kuchukua leseni uulizwe kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Sasa fikiria binamu yako amefika juzi, anafanya shifti mbili, yule wa dirishani anamuuliza haraka haraka "unataka kujiandikisha?", anasema ndio kwa sababu kwetu kukataa karatasi ya serikali si adabu, anatia tiki mahali pameandikwa mimi ni raia, anasaini. Hapo ametangaza uraia ambao hana. Miaka mitano baadaye anaomba uraia, fomu ile ya N-400 inamuuliza kama amewahi kujiandikisha ama kupiga kura, na hapo mambo yanaweza kufika mpaka kufukuzwa nchi. Ndugu yangu, hio si ya kutisha watu, iko kwa sheria.

Mwambie hivi: asome kila boksi kabla ya kutia tiki, swali la kupiga kura ajibu hapana, na kama ashakosea asingoje, atafute wakili wa uhamiaji kabla hajajaza kitu kingine chochote. Asijitoe kwa daftari mwenyewe kimya kimya akidhani ndio imeisha. Kufanya kampeni na kubisha milango kama mtu wa kujitolea anaruhusiwa, na kuchangia pia, mwenye grini kadi si kama mimi na wewe hapo.

Akishaapa uraia, siku hio hio anaweza kujiandikisha. Mwambie aangalie tarehe ya mwisho ya jimbo lake, sheria ya kitaifa inasema isizidi siku 30 kabla, lakini zingine ni fupi, na asijifanye busy akahamia jimbo lingine bila kujiandikisha upya kwa anwani mpya. Na mama, ukimpigia umuulize "umepiga?" usimshinikize umpigie nani, wacha mtoto, ameshakuwa mtu mzima.

Na kama wewe ndio raia wa Marekani unaishi hapa Milimani ama umerudi shamba Bondo

Unapiga, na si lazima usafiri. Unaingia fvap.gov, unajaza fomu ya kuomba karatasi ya kura, inaitwa FPCA, kila mwaka upya, jaza Januari usingoje Oktoba. Jimbo lako ni lile uliishi mwisho kabla ya kuondoka ata kama nyumba uliuza. Watoto waliozaliwa huku na hawajawahi kuishi kule, majimbo mengi yanawaruhusu kutumia anwani ya mzazi, lakini si yote, kwa hivyo angalia la kwenu. Chagua kutumiwa karatasi kwa imeili kama jimbo linaruhusu, manake bahasha ya posta kutoka Wisconsin mpaka Bondo ni safari. Wanatakiwa kukutumia siku 45 kabla ya uchaguzi.

Kurudisha ndio kunashinda watu. Majimbo mengine yanapokea kwa imeili ama faksi, mengine lazima karatasi, na ya karatasi unaweza kupeleka ubalozini Gigiri wakuingizie kwa mfuko wao ama utumie kuria. Sahihi yako ifanane na ile ya FPCA, usipige ile ya benki hapa na ile ya haraka pale, isipofanana inawekwa kando. Na ikifika kama mwezi mmoja kabla hujaona karatasi yoyote, kuna ile ya akiba inaitwa FWAB, unaichapisha, unaandika majina mwenyewe, unatuma. Ile rasmi ikija baadaye ijaze pia na utume, watahesabu moja tu.